Saruji Isiyoguswa

Kwa miaka thelathini mzee yule hakuwa na jina jingine ila Kizibo. Alipewa na vijana wa kikosi chake enzi zile wakizunguka na mtambo, kisima baada ya kisima, wakiziba visima vya gesi vilivyokuwa vimekwisha kukamuliwa. Jina likamkaa. Harusini Kizibo, msibani Kizibo, na hata marehemu mkewe, ambaye hakuwa mtu wa utani, alikwenda kaburini akimwita hivyo hivyo. Ukimuuliza kazi yake ya zamani ilikuwa ipi, mzee alikunja kwanza mikono ya shati, na hapo ujue chai yako itapoa.

Kuziba kisima, alieleza, si kumwaga saruji na kwenda zako. Unashusha bomba mpaka chini kabisa, unamimina saruji, unalipandisha bomba, kisha unasubiri saa kumi na nane saruji ikauke. Hapo mzee aliinua kidole. Baada ya kusubiri unalirudisha bomba chini taratibu mpaka ligote kwenye saruji, unaliegemezea uzito, na lisipozama ndipo unaandika kwenye fomu: imeguswa, mita kadhaa. Likizama, basi saruji imechanganyika na tope, na mnaanza upya hata kama mmechoka namna gani. Watu wengi hawakuelewa nusu ya maelezo hayo, lakini walipenda kumsikiliza, maana ni raha kumsikiliza mtu anayejua kazi yake.

Binti yake alikuwa mpimaji katika kampuni iliyokuja baadaye. Gesi ilipokwisha chini, watu walipata wazo la kuijaza nafasi ile kwa hewa ukaa kutoka viwandani. Badala ya kupaa angani na kuichemsha dunia, hewa hiyo ilikusanywa, ikabanwa, ikasukumwa kwa bomba kilomita moja na nusu chini ya ardhi, kwenye mchanga ulioachwa mtupu, chini ya mwamba mzito usiopitisha kitu. Kwa miaka kumi na tisa waliisukuma. Na tuseme haki: mwamba ule ulikuwa imara. Mwamba haukuwahi kuwa tatizo. Tatizo ni kwamba watu walikwisha kuutoboa mara arobaini na mbili kabla hawajakumbuka kwamba wangeuhitaji uwe kifuniko.

Sasa nafasi ya chini ilikuwa imejaa na kampuni ilitaka kuondoka. Utaratibu ulikuwa hivi: wataalamu wanathibitisha kwamba kila tundu la zamani limezibwa sawasawa, serikali inatoa cheti cha ufungaji, na tangu siku hiyo kampuni haiulizwi tena. Dhamana inahamia serikalini milele. Neno hilo, milele, lilichapwa kwenye fomu ya kurasa nne, kati ya mahali pa tarehe na mahali pa mhuri, na hakuna aliyeonekana kulistukia.

Kazi ya binti ilikuwa kupima hewa ya udongo kuzunguka visima vya zamani na kukagua fomu zake. Visima thelathini vilizibwa na vikosi vingine. Kumi na viwili vilizibwa na kikosi cha baba yake, na hivyo aliviweka mwisho, kama mtu anayeacha kipande kitamu pembeni ya sahani. Alitaka kuvifurahia.

Kisima cha kumi na mbili kilikuwa bondeni, nyuma ya uzio wa waya, kimefunikwa kwa bamba la chuma. Siku hizi mtaa mzima ulikuwa umekizunguka. Hatua arobaini kutoka kwenye uzio palikuwa na nyumba ya shangazi yake, dada wa pekee wa mzee, na chini ya nyumba hiyo chumba chake cha kushonea, ambacho ulikiingia kwa kushuka ngazi nne kutoka barabarani. Binti alichomeka kipimo chake udongoni karibu na uzio, akasoma, akakichomoa, akachomeka tena. Namba ilikuwa juu kidogo. Si ya kutisha, ila juu.

"Udongo nao unapumua, dada," mtaalamu wa kampuni alimwambia ofisini bila kuinua macho kutoka kwenye kompyuta. "Mizizi inapumua, vyoo vinapumua, takataka zinaoza. Iko ndani ya kiwango."

Ni kweli, ilikuwa ndani ya kiwango. Binti angeweza kuishia hapo. Lakini alikuwa amepita kumsalimu shangazi, naye alimkuta amejifunga kitambaa kichwani, anasukuma cherehani huku amekunja uso.

"Kichwa tu, mwanangu. Miwani hii si yangu, ni ya adui yangu. Nikikaa huku chini mpaka saa nane kinaniuma, nikipanda juu kuanika nguo kinaacha."

Binti akatabasamu, akaaga, na alipofika juu ya ngazi akageuka kukitazama chumba kilivyo chini ya barabara. Hewa ukaa ni nzito kuliko hewa tunayovuta. Ikitoka ardhini haipai. Inatafuta mahali pa chini na kukaa humo, na haina rangi wala harufu.

Akarudi ofisini, akatoa fomu kumi na mbili za baba yake, akazipanga mezani. Kila fomu ilikuwa na safu mbili: kina cha saruji kilichokokotolewa kwa hesabu kabla ya kumimina, na kina kilichoguswa kwa bomba baada ya kukauka. Katika fomu kumi na moja, safu hizo hazikulingana hata mara moja. Hapa zimepishana mita tatu, pale saba, pengine kumi na moja, maana chini huko shimo limepinda, lina mapango, saruji inakwenda inakotaka. Katika fomu ya kumi na mbili, hesabu ilisema mita elfu moja mia moja themanini na nne. Bomba nalo likasema mita elfu moja mia moja themanini na nne.

Akaitazama namba ile kwa muda mrefu. Saruji haijawahi kumtii mtu kiasi hicho.

Jumamosi mchana alimkuta baba yake uani anapaka viatu rangi. Akamwekea nakala ya fomu juu ya goti.

"Sina miwani," mzee akasema.

"Baba, jana ulinisomea namba ya basi kabla halijakata kona."

Mzee akaweka brashi chini. Akaisoma fomu, akaikunja, akaikunjua. Alipoanza kusema hakumtazama binti, alikitazama kiatu.

"Mtambo ulikuwa unasubiriwa mahali pengine. Kila saa meneja yuko kwenye redio, mmemaliza, mmemaliza? Tumesubiri saa kumi na nane, na kulishusha bomba ni saa sita nyingine. Vijana walikuwa hoi, mmoja amesinzia amesimama. Na vile kumi na kimoja vyote vilikuwa vimegota vizuri. Vyote! Sasa hiki cha kumi na mbili kingekuwa na nini?"

"Kwa hiyo hukugusa."

"Niliandika."

"Baba. Hukugusa."

"Sikugusa." Kisha akacheka kicheko kikavu. "Na sikujua hata kudanganya. Ningeongeza mita nne tu, leo usingekuwa umekaa hapo."

Hapo ndipo binti alipomchukia baba yake, akamchukia kwelikweli, kwa muda wa dakika mbili hivi. Hakumchukia kwa kosa lenyewe. Alikuwa amefanya kazi na watu waliochoka, alijua mtu hoi anavyoandika. Alimchukia kwa zile saa zote za kukunja mikono ya shati na kuinua kidole.

"Shangazi anashona hatua arobaini kutoka pale," akasema. "Kichwa kinamuuma."

"Najua anakoshona!" Mzee alifoka mpaka kiatu kikaanguka. "Mimi ndiye niliyemwambia anunue. Alikuja hapa hapa, akaniuliza, kaka, pale pana kisima, nisije nikalala juu ya balaa. Nikamwambia lala usingizi wa pono, dada yangu, nimekiziba kwa mkono wangu."

Binti akampa hali halisi. Mtambo wa kuchimba ulikuwa bado uwanjani, unafunga visima vya kampuni yenyewe, na ungeondoka baada ya wiki nne. Kukifungua kisima cha kumi na mbili, kushusha bomba, kugusa, na kumimina upya kama patahitajika, ni kazi ya siku tisa. Namba ya udongo peke yake haitamshawishi mtu. Namba mbili zinazofanana wataziita bahati. Lakini msimamizi wa kikosi akisimama mwenyewe akasema hakugusa, watakosa pa kushika.

"Unataka nikajianike," mzee akasema.

"Nataka wakifungue."

"Kuna wenzangu waliotia sahihi chini yangu. Kuna yule tuliyemwita Bomba. Mwanawe amepata kazi serikalini juzi tu."

"Baba, wiki nne."

Wiki mbili zikaenda bure. Binti alikwenda kila jioni akitoka kazini. Mzee akawa mara ana mafua, mara yuko bafuni, mara amelala na saa ni kumi na moja. Binti naye hakumwonea huruma. Siku moja alibeba gauni alilokuwa ameshonewa na shangazi, akalitundika sebuleni mbele ya kiti cha baba yake, akaondoka bila kuaga. Ulikuwa ukatili, na alijua. Kesho yake mzee alipiga simu.

"Nitakwenda. Lakini usinishike mkono mbele yao. Mimi si mgonjwa."

Kikao kilifanyika katika chumba chenye meza ndefu na chupa za maji zilizopangwa kama askari wa gwaride. Alikuwepo meneja wa kampuni, mwanasheria wake, na mkaguzi wa serikali, bwana mnene mwenye sauti ya upole. Ukutani walikaa wazee wawili wa kikosi cha zamani, walioitwa kama mashahidi. Mmoja wao ndiye Bomba, mrefu, mkavu, amevaa koti la siku kuu. Mzee alipoingia Bomba alisimama akampigia saluti ya utani, "Kizibo mwenyewe!" na wote wakacheka. Mzee hakucheka. Binti aliona viatu vya baba yake vinang'aa.

Mzee alisema yote akiwa amesimama. Hakutia chumvi wala hakujitetea. Alisema saa walizosubiri, alisema aliyemwita kwenye redio, alisema alivyoinakili namba kutoka safu ya kwanza kwenda ya pili. Akamaliza, "Kisima kile sikukigusa. Nawaomba mkifungue," akaketi. Bomba alikuwa ameinamisha kichwa, na aliyekaa karibu naye alivuta kiti chake nyuma kidogo.

Kwa pumzi mbili tatu binti aliamini kwamba wameshinda. Kisha mwanasheria, kijana mstaarabu kabisa, akafungua kalamu.

"Shikamoo mzee. Tunakushukuru sana kwa ujasiri wako. Nina maswali machache tu. Kwa hiyo, kwenye fomu hii ya serikali, uliandika uongo?"

"Marahaba. Ndiyo."

"Na ukatia sahihi."

"Nikatia."

"Na hukumwambia mtu kwa miaka yote hii. Leo unasema kweli?"

"Ndiyo."

"Sawa. Sasa nisaidie, mzee wangu. Saruji mlimimina?"

"Tulimimina."

"Ya kutosha?"

"Ya kutosha. Mifuko yote niliihesabu."

"Basi unaweza kukiambia kikao hiki kwamba saruji ile haikukauka vizuri?"

"Siwezi."

"Kwamba ilichanganyika na tope?"

"Siwezi kujua. Ndiyo maana tunagusa."

"Kwamba kisima kinavuja?"

"Sijui. Sikugusa, nitajuaje?"

"Ahsante sana, mzee." Kijana akageukia meza. "Shahidi hajui. Anasema mwenyewe. Hatuna ushahidi wa kasoro yoyote, tuna ushahidi wa kutojua tu. Vipimo vya udongo, alivyopima binti yake huyu huyu kwa uhodari mkubwa, viko ndani ya kiwango."

Mkaguzi wa serikali akamgeukia binti kwa ile sauti ya upole. "Dada, ni kweli viko ndani ya kiwango?"

"Viko ndani, mheshimiwa, lakini viko juu kuliko vya..."

"Ndani au nje?"

"Ndani."

Mkaguzi akaandika. Na binti akaelewa, amechelewa lakini akaelewa, kwamba baba yake angekuja pale akadanganya, akasema alishusha bomba likazama kwenye tope, wangekifungua kisima wiki ile ile. Mzee alikuwa amekwenda kusema kweli tupu, na kweli yenyewe ilikuwa "sijui". Nao wakaichukua "sijui" ile, wakaivika suti, wakaiandika kuwa "hakuna tatizo".

Nje, kwenye varanda, Bomba aliwapita bila kusimama. Kisha akarudi hatua mbili.

"Ungeniambia mapema basi," akamwambia mzee. "Ningemwandaa mwanangu. Umetuvua nguo wote, na kisima chenyewe hawakifungui. Sasa umepata nini?"

Bomba akampa kisogo.

Cheti kilitoka baada ya siku tisa. Binti hakuweza kuacha kuzihesabu, tisa zilezile ambazo zingetosha kuifanya kazi. Ukurasa wa nne uliandikwa, "Maelezo ya mdomo kuhusu kisima namba kumi na mbili yalipokelewa na kuzingatiwa." Kabla ya hapo meneja alimletea orodha ya vipimo vyake, ukurasa wa tatu wa cheti hicho, aitie sahihi, akamsifia kwa kumvika kilemba cha ukoka, eti wapimaji kama yeye ni hazina. Binti alizipitia namba zote. Zote zilikuwa za kweli. Angekataa, wangempa mwingine aitie, na namba zingebaki zilezile. Hivi ndivyo alivyojiambia. Akatia sahihi, na hakuweza kula siku nzima.

Jumanne mtambo ukafunguliwa vipande vipande, ukapakiwa kwenye malori, ukaondoka. Uwanjani kilibaki kibanda kimoja chenye chombo cha kutuma vipimo kwenye kompyuta fulani ya serikali. Binti alipiga simu namba iliyobandikwa mlangoni kuuliza nani anavisoma. Iliita mpaka ikakata.

Mzee naye alinyauka haraka. Simu za wenzake zilikatika. Pale mtaani hakuna aliyemwuliza tena habari za kazi yake ya zamani, na kama kuna aliyejisahau akamwita Kizibo, alijiuma ulimi na kuhamia kwenye habari za mvua. Binti alitaka kumwomba radhi. Kila alipoanza, mzee alimkatiza na kuuliza kitu kingine, mara afya yake, mara bei ya sabuni. Asubuhi ya Ijumaa moja alimkuta amevaa, amechana nywele, ameketi ukingoni mwa kitanda.

"Twende kwa shangazi yako," akasema. "Wao hawataki kukifungua. Basi yeye atoke."

Shangazi alikuwa chini, kwenye cherehani, kitambaa kichwani. Aliinuka akawapokea kwa furaha. Mzee hakukaa. Alimweleza dada yake palepale, mbele ya nguo za wateja zilizotundikwa, kuanzia redio ya meneja mpaka namba iliyonakiliwa. Alisema mara tatu, "Dada, hamia juu. Hama kabisa ukiweza. Nisamehe, lakini hama."

Shangazi alisikiliza mpaka mwisho. Uso wake haukubadilika sana. Alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa gauni la mtu, akaivaa.

"Nimeisikia hiyo habari," akasema. "Mtaa mzima umeisikia. Nikangoja uje uniambie mwenyewe, nikaona kimya. Wiki tatu, kaka."

"Niliona haya."

"Uliona haya." Akafungua droo ya cherehani, akatoa karatasi iliyokunjwa. "Hiki ni cheti. Walitugawia nakala nyumba kwa nyumba. Kina mhuri, kina sahihi za watu sita, mmojawapo mwanao huyu. Kinasema ni salama milele. Na wewe umesimama hapo, unasema hapana. Nimwamini nani?"

"Niamini mimi."

"Nilishakuamini," shangazi akasema. "Nilikuuliza, ukaniapia, nikamwaga jasho langu lote hapa. Uliponidanganya niliamini. Leo unasema kweli, unataka niamini tena? Mtu ana imani ngapi, kaka? Mimi yangu ilikuwa moja."

Binti alikuwa ameshatoa kipimo mfukoni bila hata kufikiri. Alichuchumaa akakiweka sakafuni, chini ya ngazi ya mwisho. Namba ikapanda, ikasitasita, ikatulia.

"Kinasemaje hicho?" shangazi akauliza.

Binti aliisoma mara mbili. Ilikuwa juu kuliko alipokiweka hapo hapo mwezi uliopita. Alitamani kwa moyo wote iwe juu zaidi ya hapo.

"Kiko ndani ya kiwango, shangazi."

"Haya basi." Shangazi akaketi, akaipeleka nguo chini ya sindano, akaanza kukanyaga.

Mzee alibaki amesimama katikati ya chumba, mikono imening'inia. Binti akamshika kiwiko, na safari hii hakumzuia, lakini alipomvuta kuelekea kwenye ngazi, hakwenda.

"Nipe kiti," akamwambia dada yake.

"Cha nini?"

"Nikae. Kama wewe unakaa humu, na mimi nitakaa humu."

Shangazi aliendelea kukanyaga mpaka mwisho wa mshono. Alikata uzi kwa meno, kisha, bila kumtazama, akasukuma kigoda kwa mguu. Mzee akaketi karibu na ukuta, mahali pa chini kabisa pa chumba, akakunja mikono kifuani. Binti alipanda ngazi nne, akaufungua mlango wa barabarani mpaka ukagota ukutani, akauegemezea jiwe usijifunge, akasimama pale na kipimo mkononi, akiwaza amwambie nani.